LSU: ushambulizi wa 2019 au wa 2023? Na ule wa 2024 tuuweke wapi?

Mdau wa Bayou (mwanzisha mada)

Wakuu, salaam. Jumapili nimekula ubwabwa uliopoa kwa sababu ya ubishi. Shemeji yangu kashikilia kwamba LSU (timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Louisiana State) ya 2023, ile ya Jayden Daniels, ilishambulia vizuri kuliko ile ya 2019 ya Joe Burrow. Eti sisi tunaitukuza 2019 kwa sababu ya kombe la taifa la vyuo tu. Nikamwambia aache utani. Akatoa simu, akaanza kunisomea namba kama anasoma mkeka.

Namba zenyewe hizi hapa, tusije tukarushiana maneno bure. 2019: mechi 15, zote ushindi, wastani wa pointi 48.4 na yadi 568.5 kwa mechi. 2023: mechi 13, ushindi 10, wastani wa pointi 45.5 na yadi 543.5. Burrow alipiga pasi 60 za tachidauni, yaani za kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani. Daniels alipiga 40, ila akafunga nyingine 10 kwa miguu yake na kukimbia yadi 1,134. Wote wawili walibeba Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo.

Ukiziweka hivyo, tofauti ni pointi tatu kwa mechi, ndiyo maana shemeji ana jeuri. Mimi roho inaniambia tofauti ni kubwa, lakini kuieleza nashindwa. Halafu Garrett Nussmeier, mpiga pasi aliyemfuata Daniels, naye mwaka 2024 alimaliza na yadi 4,052 za pasi, kuliko hata Daniels aliyekuwa na 3,812. Huyu tunamweka wapi?

Kijana wa Likoni

Shemeji yako ana hoja, usimtupe jalalani.

Mechi ya Florida, Novemba 2023, mimi niliitazama nikiwa zamu ya usiku, simu nimeificha chini ya kaunta. Daniels alirusha yadi 372 na kukimbia 234. Mtu mmoja, mechi moja, yadi 606! Katika ngazi ya juu ya mpira wa vyuo kabla yake hakuna aliyewahi kufikisha pasi za yadi 350 na mbio za yadi 200 kwa pamoja. Kuna mbio moja ya yadi 85 pale, wale mabeki wa Florida walibaki wanamwangalia kama abiria walioachwa na basi.

Na zile mechi tatu walizopoteza, msimbebeshe yeye. Kule Oxford ya Mississippi dhidi ya Ole Miss walifunga pointi 49 ugenini wakapigwa 55. Paa linavuja, nyinyi mnamlaumu mpishi? Safu ya ulinzi ya mwaka ule ilikuwa chujio. Kwa Alabama walifungwa 42-28, na Daniels alitolewa robo ya nne baada ya kugongwa, akiwa ameshakimbia yadi 163.

Mpeni ule ulinzi wa 2019 tuone kama asingebeba kombe.

Mama Yadi

Likoni mwanangu, Daniels hakuna anayembeza hapa. Lakini swali ni la safu nzima, wewe unatupa habari za mtu mmoja. Na hapo ndipo penye jibu la Mdau.

Msianzie 2023. Anzieni 2018, kwa sababu kwotabeki, yaani mpiga pasi mkuu, ni yuleyule Burrow. Mwaka ule alipiga pasi 16 tu za tachidauni. Alabama walikuja Baton Rouge, nyumbani kwa LSU, wakaondoka na 29-0, mbele ya uwanja unaobeba watu laki moja na ushei, na LSU haikupata hata pointi moja ya kuwafariji watoto. Wastani wa 32.4 mnaouona wa msimu ule pia unadanganya, maana ndani yake kuna ile mechi ya Texas A&M iliyokwisha 74-72 baada ya nyongeza saba. Muda wa kawaida ulikuwa 31-31. Toa hizo pointi 41 za nyongeza uone kinachobaki.

Mwaka uliofuata timu ile ile ikaenda Tuscaloosa, nyumbani kwa Alabama, ikafunga 46. Mapumziko ilikuwa 33-13! Mechi ikaisha 46-41.

Kilichobadilika ni nini? Alikuja kocha kijana Joe Brady kutoka timu ya kulipwa ya New Orleans Saints, hajatimiza hata miaka 30, akakaa meza moja na mzee Steve Ensminger, kocha wa ushambulizi. Wakaacha ule mtindo wa kubanana katikati ya uwanja kama foleni ya daladala. Wapokeaji wakatawanywa hadi kwenye mistari, wanne, mara nyingine watano, Burrow anabaki nyuma anachagua. Ja'Marr Chase 2018 alikuwa na yadi 313. 2019 akafikisha 1,780 na tachidauni 20. Justin Jefferson 1,540 na tachidauni 18. Terrace Marshall tachidauni 13. Clyde Edwards-Helaire alikimbia yadi 1,414 na bado akadaka pasi 55. Hata Thaddeus Moss, ambaye mlinzi wa timu pinzani anamkumbuka mwisho, alidaka 47.

Sasa wewe kocha wa ulinzi unamkaba nani?

Mgeni Jijini

Samahanini wakubwa zangu. Nina mwezi mmoja Houston, mpira ninaoujua mimi ni wa Simba na Yanga. Kazini wote wanaongelea huu. Yadi nimeelewa, ila sielewi mtu anajuaje safu hii ni bora kuliko ile kama zote zinafunga sana.

Mama Yadi

Karibu mwanangu. Kwa ufupi: unapewa majaribio manne kusogea yadi 10. Ukisogea, unaanza upya na manne mengine. Jaribio la tatu ndiyo mtihani wenyewe, kwa sababu likishindikana, kwa kawaida la nne unaupiga mpira kwa mguu mbali, unawaachia wenzako.

Basi tafuta video ya LSU wakiwa Austin, Septemba 2019, dhidi ya Texas. LSU wanaongoza 37-31, zimebaki dakika mbili na nusu hivi. Jaribio la tatu, na zinahitajika yadi 17. Hapo kila kocha unayemjua angempa mkimbiaji mpira saa iendelee kula, halafu aupige mbali na kuomba Mungu. Wao wakapiga pasi. Angalia Burrow anavyobanwa, anasogea mbele hatua mbili tatu, mtu yuko miguuni kwake, anaachia mpira. Jefferson anaudaka, anageuka, anakwenda nao mpaka mwisho. Yadi 61. Mume wangu alimwaga chai.

Ukiiona hiyo utajua kwa nini sisi wengine namba hatuzihitaji sana.

Mzee wa Teksi

Nawasoma tu watoto. Nyinyi mmeanza kutazama juzi.

Mwaka 2007 nilikuwa naendesha teksi New Orleans, mechi nazisikiliza redioni. Dhidi ya Florida, kocha wa LSU Les Miles alijaribu jaribio la nne mara tano, na mara zote tano wakapita. Tano kwa tano! Kila mara Jacob Hester au mwenzake anajipenyeza yadi moja, mbili, kama mtu anayepanda basi la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Wakashinda 28-24. Na dhidi ya Auburn, badala ya LSU kupiga mkwaju wa pointi tatu, kwotabeki Matt Flynn akarusha mpira mrefu kwa Demetrius Byrd, ikabaki sekunde moja kwenye saa. Abiria wangu akasahau kushuka. Walipoteza mechi mbili mwaka ule, zote katika nyongeza ya tatu, na kombe wakalibeba.

Sisemi ilikuwa bora kuliko 2019. Hapana. Nasema tu kwamba mkiongea habari za ushambulizi kumbukeni tulikotoka. 2011 tulikuwa na timu isiyofungika, tukaenda fainali tukapigwa na Alabama 21-0, na mstari wa katikati tuliuvuka mara moja tu mechi nzima. Mara moja. Niliendesha gari usiku ule redio imezimwa.

Kaka wa Lubumbashi

Nijibu la Nussmeier, maana wote mmelikwepa.

Ndugu Mdau, yadi 4,052 usizitazame peke yake. Ule msimu LSU ilikuwa haikimbii, na timu isiyokimbia kila mtu anajua inakuja na pasi. Kwa hiyo kijana alirusha, akarusha, akarusha. Tachidauni 29, lakini wapinzani walizinasa pasi 12. Kule Texas A&M walikuwa mbele 17-7 mapumziko, wakapoteza 38-23, na pasi tatu zilinaswa kipindi cha pili. Alabama wakaja wakapiga 42-13. Yadi nyingi za hivyo ni za mtu anayekimbiza basi lililokwisha ondoka. Ushindi tisa, vipigo vinne. Mwaka uliofuata hali ikawa mbaya zaidi, na Oktoba 2025 kocha Brian Kelly akafukuzwa baada ya A&M kuja Baton Rouge na kuondoka na 49-25.

Mimi namweka chini ya 2023, mbali kidogo. Hata chini ya 2007 ya Mzee, ingawa namba zitanipinga.

Kijana wa Likoni

Sawa, sawa. Mama Yadi, hoja ya watu watano naikubali nusu. Lakini na 2023 alikuwepo Malik Nabers, yadi 1,569, na Brian Thomas, tachidauni 17. Hao nao si wa kubeza, wote wawili walichukuliwa raundi ya kwanza na timu za kulipwa. Kwa hiyo msiseme Daniels alikuwa peke yake uwanjani.

Mama Yadi

Sikusema peke yake. Nasema hivi: Auburn 2019 walijaribu dawa. Watu wengi wakarudishwa nyuma kuziba njia za pasi, watatu tu mara nyingi wanamfuata Burrow. Ilifanya kazi kiasi, LSU walipata pointi 23 tu, chache kuliko mechi zao zote za msimu ule. Lakini walipoona pasi zimezibwa walimpa Edwards-Helaire, akakimbia zaidi ya yadi 100, wakashinda 23-20. Na ule ukuta wa mbele unaomkinga Burrow ndio uliochukua tuzo ya Joe Moore, ya ukuta bora wa vyuo, mwaka huo, msiusahau kwa sababu hawagusi mpira.

Timu ya 2023 ikibanwa, njia ya kutokea ilikuwa miguu ya Daniels. Njia nzuri sana, lakini ni ile ile moja, na siku ya Alabama alipotolewa ikafungwa.

Mdau wa Bayou

Wakuu, mrejesho. Jana nimemkalisha shemeji, simu nikaiweka juu ya friji. Nikamwekea kipindi cha kwanza cha Oklahoma, ile nusu fainali ya Atlanta: Burrow pasi saba za tachidauni kabla ya mapumziko, 49-14. Alicheka tu, akasema Oklahoma hawana ulinzi.

Nikamwekea fainali na Clemson, waliokuwa hawajafungwa mechi 29. Pale LSU walipokuwa nyuma 17-7 akaanza kunitania. Baadaye Chase akamwacha yule beki wa pembeni mara ya kwanza, mara ya pili, wakaenda mapumziko 28-17, akanyamaza. Ilipofika 42-25 akaomba maji ya kunywa.

Nikadhani nimemaliza kazi. Leo asubuhi kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne: eti fainali ilichezwa New Orleans, kwa hiyo walikuwa nyumbani, haihesabiki.

Kijana wa Likoni, njoo umchukue mtu wako.