Kamwambia mama wa watu kongoro ni ushamba!

Wakuu, mnamjua. Yule muuza vidonge vya kolajeni wa laivu za usiku, mwenye kopo la rangi ya dhahabu. Sasa hivi mama mmoja kauliza kwa adabu zote kama supu ya kongoro inasaidia magoti. Kajibiwa: "Kongoro ni ushamba, mama." Ushamba! Mbele ya watu wote!

Ligeuzeni hilo kopo msome maandishi madogo kama mayai ya chawa: kolajeni (protini ya ngozi na maungio) ya ng'ombe, vidonge 60, kila kimoja miligramu 500. Anasema meza viwili kwa siku. Hiyo ni gramu 1! Kwenye majaribio ya kolajeni kwa ajili ya ngozi watu hupewa gramu 2.5 hadi 10 kila siku, wiki 8 mpaka 12. Ukitaka gramu 10 umeze vidonge 20. Siku ya tatu kopo tupu na tumbo linalia kama kayamba.

Na ni ya ng'ombe! Chemsha kongoro masaa manne, liache lipoe. Ile supu inayoganda mpaka kijiko kinasimama ni kolajeni iliyogeuka jelatini. Ng'ombe huyohuyo! Halafu mama wa watu ndiye mshamba?

Kijiwe_Nongwa: Mkuu, hiyo ni njaa. Kanywe supu ulale.

Mama_Famasi: Huyo wa kolajeni afadhali. Wauza glukosamini, vile vidonge vya magoti, ndio wananitoa roho! Miligramu 1500 kwa siku, hawaulizi kama mteja anatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu isigande, na hizo mbili zikikutana damu inaweza kugoma kuganda. Nyingi inatokana na maganda ya kamba na kaa, mwenye mzio je? Na ule utafiti wa Marekani wa 2006, watu 1,583 wenye magoti mabovu, kwa ujumla glukosamini haikukishinda kidonge kitupu kisicho na dawa.

Darubini: Bayotini, ile vitamini ya nywele, je? Mtu anabugia mikrogramu 10,000 kwa ajili ya nywele, akija kupima homoni za tezi ya shingo majibu yanaweza kupinda, akaanzishiwa dawa za ugonjwa asio nao. Semeni mnaitumia kabla hamjatolewa damu!

Mtoto_wa_Bucha: Masaa manne kwa gesi ya bei hii?

Kijiwe_Nongwa: Presha kuka, saa moja tu. Ndimu weka mwishoni.

Mtoto_wa_Bucha: Na manyoya?

Mama_Famasi: Babua kwenye moto, kwangua kwa kisu, osha kwa maji ya moto. Bucha gani mnauza kongoro na manyoya yake?