El Niño iko Pasifiki, mvua ya Urambo inahusikaje?

Mwana_Urambo:
Wakuu habari zenu. Redio ikitaja El Niño tu, kwenye chama chetu cha msingi ugomvi unaanza. Huyu anataka tuwahi kuhamisha miche ya tumbaku, yule anasema matuta yatasombwa. Nimeangalia ramani, Pasifiki iko kule nyuma ya Indonesia. Maji yakipata joto kule, huku kwetu inatufikiaje? Na mbona 1997 nchi ilizama, 2015 haikufika vile, ingawa zote tuliambiwa ni kubwa?

Kipimamvua_Tabora:
Kijana, nimesoma kipimamvua hapa Tabora kila saa tatu asubuhi mpaka nikastaafu, na swali hili nimeulizwa hadi msibani.

Maji ya Pasifiki hayaji. Kinachobadilika ni mzunguko wa hewa. Miaka ya kawaida pepo hurundika maji ya moto upande wa Indonesia. Hewa hupanda pale, mvua inanyesha, kisha hewa hiyo hushuka kwingine, pamoja na magharibi mwa Bahari ya Hindi, jirani yetu. Inaposhuka, mawingu hayakui. Wakati wa El Niño pepo hizo hulegea, maji ya moto yanarudi kuelekea Peru, na Indonesia inakauka. Hapo mara nyingi upepo wa Bahari ya Hindi nao hugeuka: unavuta maji ya moto kuja Afrika, na kule Sumatra maji baridi yanaibuka kutoka chini. Ni kama bembea. Wataalamu waliieleza mwaka 1999 wakaiita Dipoli ya Bahari ya Hindi.

Mwaka 1997 bembea ilielemea kwetu kwa nguvu. Mwaka 2015 El Niño ilikuwa kubwa, bembea ikawa ya wastani. Na 2019 hakukuwa na El Niño ya maana, lakini bembea peke yake ilileta mafuriko Afrika Mashariki. Hata 1961 ilikuwa hivyo hivyo.

Ila hayo yanawahusu zaidi watu wa pwani na kaskazini wenye vuli. Sisi tuna msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na unyevu mwingi tunaupata magharibi, kutoka Kongo. Kwa hiyo anayepanga kitalu chake kwa neno El Niño pekee anabahatisha. Subirini utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, wa mikoa ya msimu mmoja, ndio mgombane.

Dagaa_Kibirizi:
Mzee, heshima yako, lakini Kigoma usituambie hayatuhusu. Baada ya mvua za 2019 na 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda likala nyumba za ufukweni, na halikushuka haraka kwa sababu mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga. Halafu kuna reli. Mafuriko ya Kilosa ya mwisho wa 2009 na mwanzo wa 2010 yaliikata reli ya kati. Huku mvua inaweza kuwa ya kawaida kabisa na mzigo wako usifike Dar.

Kipimamvua_Tabora:
La reli nalikubali, tena hata tumbaku ya Urambo inapita huko.

Mwana_Urambo:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Na La Niña je?

Kipimamvua_Tabora:
Marahaba. Kinyume chake: hewa inashuka zaidi upande wetu, vuli inadhoofika. La Niña moja ilidumu kuanzia 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, Somalia na kaskazini mwa Kenya mifugo ikateketea. Miaka hiyo hiyo Tanganyika bado ilikuwa imejaa, muulize huyo wa Kibirizi.