Nimetolewa kwa kikundi cha asaimenti juu sina pesa ya kahawa ya Westlands

Wasee mnisomee tu leo, nimejaa mpaka hapa.

Tuko sita kwa kikundi, kazi ya maksi 30. Laibrari iko wazi na ni bure, lakini wenzangu wakaamua mikutano ni mkahawa fulani Westlands, kahawa moja 400. Mimi hulala kwa binamu Ngara, hiyo 400 ni chapo madondo ya siku tatu na chenji inabaki. Mara ya kwanza nilipiga mguu kupitia Museum Hill nikafika nimeloa jasho, nimechelewa dakika ishirini, nikaagiza maji, weita ananiangalia tu. Mara ya pili mvua, sikuenda, nikaandika sehemu yangu kwa simu (skrini imepasuka, herufi "a" ni ya kubembelezwa) nikatuma saa sita usiku. Jana naona kava imeprintiwa na majina tano. Nauliza, naambiwa "we hauko siriasi bro". Na mwenye ananiambia hivyo huletwa shule na dereva!

Mwalimu naye: nyinyi ni watu wazima, jipangeni.

Leo huyo huyo mwalimu yuko mbele ya ukumbi, semina ya daivasiti, anahesabu makabila kama mtu anahesabu ng'ombe. Eti ile sheria ya 2008, kabila moja lisipite theluthi ya wafanyakazi, tumeitimiza, wasichana wako, njia za viti vya magurudumu ziko. Poa, sipingi hata moja. Lakini lisaa na nusu hakuna mtu ametaja pesa. Kifungu 27 cha Katiba kikikataza ubaguzi wa kabila, hapo hapo kinataja asili ya kijamii, mbona hiyo mnairuka?

Na msiniambie serikali inatujua. Inatujua wakati wa kulipa, huu mfumo wa 2023 wa kulipia karo ya chuo unatupanga kwa bendi kulingana na uwezo wa familia, ya 1 familia inatoa asilimia 5 ya karo, ya 5 inatoa 40 (mathe anauza sukuma Kayole na niliwekwa bendi ya 4, hiyo ni uzi ya siku ingine). Ukishapita geti hakuna mtu anakuuliza bendi tena.

Kazi inapelekwa Ijumaa. Kurasa zangu nne ziko ndani, neno kwa neno, ni jina tu halimo. Mwenye anajua ofisi inaskiza hizi stori, na si ile ya "rudi kesho", aandike hapa chini.