MJADALA: Afisa wa mpaka ana haki ya kumchuja Mroma kwa sura yake?

Wanajamvi, hoja ni hii. Desemba 19, 2009 raia wa Masedonia, Serbia na Montenegro walifutiwa sharti la viza ya Schengen (eneo la nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani). Maombi ya hifadhi ya ukimbizi yakapanda, na wengi wa waombaji walikuwa Waroma (si Warumi wa kale, hawa ni jamii ya wachache huko Ulaya, asili yao ni India). Brussels, yaani Umoja wa Ulaya, ikabana, Masedonia ikaanza kuwazuia wasitoke nchini mwao wenyewe. Takwimu zikimuunga mkono afisa, kosa lake liko wapi?

Kitasa: Hana kosa. Kila gari lina dakika chache tu. Tena tangu 2014 Umoja wa Ulaya unaweza kuirudisha viza kwa nchi nzima maombi ya hifadhi yasiyo na msingi yakizidi. Wachache wanaharibu, watu milioni mbili wanarudi foleni ya ubalozini. Au mnataka afisa apige bahati nasibu?

Bint Hamisi: Ndugu Kitasa, hoja hiyo ilishafika mahakamani ikaanguka. Julai 2001 Uingereza iliweka maafisa wake uwanja wa ndege wa Prague, Czech, wachuje abiria kabla hawajapanda. Waangalizi wakahesabu: karibu asilimia 90 ya Waroma walikataliwa, wasio Waroma 0.2. Waliovutwa pembeni kuhojiwa tena ni asilimia 80 ya Waroma. Wasio Waroma hawakufika hata asilimia 1. Desemba 9, 2004 majaji wa juu wa Uingereza wakasema huo ni ubaguzi wa moja kwa moja, hata kama shaka ya afisa mara nyingi ingekuwa kweli. Ila upande wa hifadhi walalamikaji walishindwa: aliye bado ndani ya nchi yake si mkimbizi kisheria. Watu hupenda kuiruka sehemu hiyo.

Kitasa: Kwa hiyo dada, kuuliza maswali ni kosa?

Bint Hamisi: Uliza, ila uliza basi zima. Ukimtaka mmoja barua ya mwaliko na jirani yake umempitisha kwa pasipoti tupu, umeshachagua sura.

Mzee Forodha: Mnachanganya kuingia na kutoka. Anayekataliwa kuingia Schengen lazima apewe fomu yenye sababu zilizopangwa kwa herufi. Ujanja hujificha kwenye E (hati za kuthibitisha safari) na G (fedha za kujikimu), maana hapo afisa ana nafasi ya kupima anavyotaka. Dai fomu, tazama herufi iliyowekewa alama, chukua nakala, kata rufaa. Kutoka hakuna fomu ya namna hiyo. Unaambiwa "rudi nyumbani", basi, na hakuna karatasi ya kupeleka kwa wakili. Mwaka 2011 Masedonia iliongeza sheria ya kumnyima pasipoti mwaka mzima aliyerudishwa kutoka nje. Mahakama yao ya Katiba iliifuta 2014. Oktoba 2023 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya nayo ikasema Waroma waliozuiwa mpakani walinyimwa haki ya kutoka nchini.

Kitasa: Sawa mzee. Bila karatasi, mtu anathibitishaje?

Mzee Forodha: Kwa hesabu, kama Prague. Andika saa, kituo, namba ya basi, wangapi walishushwa, waliulizwa nini. Halafu lile ambalo wengi husahau: waliobaki kwenye viti walikuwa na hati gani.