Pac-Man: njia niliyokariri inakubali kwenye emuleta, inagoma kwenye kaseti

soketi60
Wakuu, habari. Njia ya kukariri ya hatua ya kwanza (ile ya cheri) inakwenda vizuri kwenye emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani), lakini kwenye kaseti ya pini 60 ya Famicom, mashine ya TV ya Nintendo, nakufa kabla ya nusu ya vidonge. Kaseti haigandi wala haina mistari. Tatizo ni nini? Na kwa anayeanza kukusanya matoleo, lipi lichukuliwe kwanza?

kona_ya_bluu
Kaseti ni nzima, mkuu. Hiyo ni programu nyingine tu. Skrini ya mashine ya Namco ya 1980 (ile ya awali, ya kuingiza sarafu) imesimama wima, nukta 224 kwa 288, na mzingile peke yake una safu 31 za vigae vya nukta 8, yaani kimo cha 248. Famicom inatoa 256 kwa 240. Hautoshi! Kwa hiyo toleo la 1984 lilichorwa upya kwa kufupishwa, pointi zikahamishiwa pembeni. Kona zimesogea, njia yako haina pa kushika.

Kwenye mashine, na kwenye emuleta inayoendesha programu yake, njia inakubali kwa sababu mizimu haibahatishi. Hatua ya kwanza mizimu inatawanyika sekunde 7, inawinda 20, kisha 7, 20, 5, 20, 5, halafu inawinda moja kwa moja. Mwekundu unalenga ulipo. Wa pinki unalenga vigae 4 mbele ya uso wako, na ukitazama juu kosa la hesabu linaupeleka vigae 4 kushoto pia. Wa chungwa ukikukaribia ndani ya vigae 8 unageuka kwenda kwenye kona yake. Hata ikiwa bluu (ukila kidonge kikubwa), namba zinazoigeuza huanzia palepale kila hatua na kila uhai. Ukirudia kilekile, nayo inarudia kilekile. Ukisita ukutani fremu (picha za skrini) chache tu, basi, ushatoka kwenye njia.

Jambo jingine: TV game nyingi za huku ni za PAL, mfumo wa TV wa fremu 50 kwa sekunde badala ya 60. Mchezo unaburuta kwa karibu moja ya sita, muziki nao vilevile, na mkono uliozoea emuleta unawahi.

bamba45
Kabla ya kulaumu programu, angalia joistiki. Mchezo huu unataka njia nne tu: juu, chini, kushoto, kulia. Joistiki ya njia nane ikiguswa mshazari inafunga swichi mbili kwa pamoja, na Pac-Man anapitiliza kona. Wengi wanadhani wamechelewa kubonyeza, kumbe wamebonyeza vitu viwili. Kama ni joistiki aina ya Sanwa JLF, toa bamba la chini, zungusha kipande cha ndani nyuzi 45, rudisha. Kwa pedi ya kawaida, weka emuleta kwenye njia nne. Kisha jizoeze kubonyeza upande unaoutaka kabla ya kufika konani: Pac-Man hukata kona, mizimu haikati. Hapo ndipo unapoiacha nyuma.

TV ya kisasa iweke kwenye hali ya mchezo, la sivyo picha inachelewa na hakuna bamba litakalokusaidia.

kidonge240
Kuhusu kukusanya, mimi ningetenganisha mafungu mawili: yanayoendesha programu ya mashine yenyewe, na yaliyoandikwa upya. Kipimo rahisi: juu na chini ya nyumba ya mizimu kuna makutano manne ambako mizimu, isipokuwa ikiwa bluu, haipindi kwenda juu kamwe. Toleo ambalo inapanda hapo limeandikwa upya.

Anza na Arcade Archives (toleo la kupakua kwenye mashine za kisasa); ni halali na halihitaji kutafutwa minadani. Ukitumia MAME (emuleta ya mashine za sarafu), seti ya faili ya pacman mara nyingi haifunguki bila puckman kuwa folda moja nayo, kwa kuwa ya Kijapani ndiyo mama.

Toleo la 1982 la Atari 2600 (mashine ya TV) chukua kama kumbukumbu tu. Ilibanwa kwenye kilobaiti 4, na mizimu inachorwa mmoja mmoja kwa zamu kila fremu, ndiyo maana inapepesa. Ms. Pac-Man (mchezo uliofuata) ya 1983 ya Atari hiyohiyo ilipewa kilobaiti 8, na tofauti unaiona ndani ya dakika moja. Kaseti yako ya Famicom ibaki, ni toleo zuri. Pini zisafishe kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na pamba ya masikio, isubiri ikauke. Usipulize, mate yanaleta kutu.

soketi60
Shukrani wakuu. Bamba nimelizungusha, kona zinashika. Je, Ms. Pac-Man ya mashine nayo ina njia za kukariri?

kona_ya_bluu
Hapana. Pale mwanzo wa kila hatua mwekundu na wa pinki inazunguka kwa kubahatisha, na matunda yanatembea. Kuna mizingile minne. Jifunze umbo la kila mmoja na mahali mashimo ya pembeni (unaingia upande huu, unatokea ule) yalipo. Katika hatua za mwanzo mizimu hupunguza mwendo ndani ya mashimo hayo, wewe hupunguzi.