Bi mkubwa anakazwa na kigimbi usiku, tufanyeje?

binti_mwani: Asalaam alaykum. Bi mkubwa wangu kavuka 60, analima mwani huku Paje, bamvua likifika (siku maji ya bahari yanapotoka sana) anashinda ndani ya maji kainama. Skuizi usiku kalala zake vizuri mara kigimbi, ile nyama ya nyuma ya mguu chini ya goti, kinakaza kama jiwe, anapiga kelele nyumba nzima tunaamka, baada ya dakika chache kinaachia lakini asubuhi bado kinauma. Jirani anasema upepo mbaya wa bahari, mwengine katwambia tumpe kwinini.

mchuma_karafuu: Waalaykum salaam, mpe pole sana. Mie huku Pemba msimu wa karafuu hunipata, ukishinda juu ya mkarafuu umekanyagia vidole basi usiku ndo shughuli. Kikimkaza anyooshe goti avute vidole vya mguu kuja kwake, au ainuke akanyage kisigino chini. Kisha mkandeni kwa maji moto.

nesi_wete: Kwinini msimpe tafadhali!! Inaweza kumvurugia damu na mapigo ya moyo, Marekani walionya 2010 isitumike kwa kukaza miguu. Mara nyingi sababu hasa haijulikani, ila umri na misuli kuchoka vinachangia, na ukilala unyayo umeelekea chini kigimbi kinakuwa kishajifupisha, kikishtuka kidogo tu kinajikunja. Waja wazito nao huwapata sana. Anatumia dawa ya presha? Zile za kukojoza zinaweza kuchangia, lakini asiache mwenyewe, aende kwa daktari na wampime sukari na figo. Kabla ya kulala ashike ukuta, mguu mmoja nyuma kisigino chini, aegemee mbele taratibu mpaka kigimbi kivutike, abadilishe mguu. Uholanzi 2012 waliwajaribu watu wa zaidi ya miaka 55 kwa kunyoosha misuli kila usiku wiki 6, kukaza kukapungua. Ila mguu mmoja ukivimba ukawa wa moto na maumivu hayaachii, hiyo huenda damu imeganda, hospitali siku hiyohiyo.

binti_mwani: Ahsanteni sana. Dawa ya presha anatumia, na anakojoa kweli, halafu siku ya mwani hanywi maji mpaka arudi nyumbani maana kule hakuna pa kujisitiri. Na vidonge vya magnesiamu je? Kuna shoga yangu anauza.

nesi_wete: Kwa watu wa umri wake havijaonekana kusaidia, hela hiyo iwe nauli ya kliniki. Na vidonge vyake vyote abebe, daktari avione.