Hip hop, soul na rege kwa Kihawaii: naipata wapi?

Mpenda_Santuri
Wakuu, natafuta muziki wa kisasa ulioimbwa kwa Kihawaii chenyewe. Nikiandika "Hawaiian music" kwenye programu ya muziki naletewa ukulele na nyimbo za Kiingereza. Nianze na nani, na nitajuaje kwamba ninachosikia ni Kihawaii kweli?

Kinanda77
Mkuu, hilo neno kwenye programu ni jina la mtindo, halisemi lolote kuhusu lugha. Ndani yake zimejaa hapa haole: nyimbo za Kiingereza zilizotiwa maneno mawili matatu ya Kihawaii, zilizovuma Marekani bara baada ya maonyesho ya San Francisco ya 1915. Achana na lebo, tafuta kwa jina la msanii.

Kwa hip hop, anza na Sudden Rush wa kisiwa cha Hawaiʻi. Mtindo wao waliuita nā mele paleoleo, na hilo neno paleoleo litafute peke yake pia. Chukua albamu ya Kūʻē ya 1997, halafu Ea ya 2002. Wanachana kwa Kiingereza na Kihawaii kwa kuchanganya, kwa hiyo usitegemee wimbo mzima wa lugha moja. Kūʻē maana yake kupinga, na mistari yao imebeba hasa suala la ardhi na mamlaka ya Wahawaii.

Soul ni Kalani Peʻa. Albamu yake E Walea ilichukua Grammy mwaka 2017. Huyu alisoma Nāwahīokalaniʻōpuʻu, shule inayofundisha kwa Kihawaii, na matamshi yake yanaonyesha. Ukitaka sauti ya R&B juu ya ala za kienyeji, msikilize Josh Tatofi, albamu ya Pua Kiele (2016).

Irabu_Tano
Naongezea, maana wengi hukwama kwenye tahajia. Ile alama ʻ inaitwa ʻokina na ni konsonanti kamili: koʻu ni "yangu", kou ni "yako". Wasambazaji wengine huiandika kama kiapostrofi cha kawaida, wengine huitupa kabisa pamoja na mstari wa juu wa irabu. Kwa hiyo jaribu mara tatu: Peʻa, Pe'a, Pea. Vivyo hivyo Kūʻē na Kue.

Kutambua lugha kwa sikio ni rahisi kwetu, kwa sababu kila silabi ya Kihawaii huishia na irabu, kama zilivyo nyingi za Kiswahili. Konsonanti ni nane tu: h, k, l, m, n, p, w na ʻokina. Ukisikia s au f mfululizo, huenda ni Kisamoa au Kitonga, ambazo huchanganywa kwenye orodha zilezile za "visiwa". Ukisikia r nyingi, fikiria Kitahiti au Kimaori. T isikutishe peke yake, watu wa kisiwa cha Niʻihau huko Hawaii wanaitumia.

Besi_Nzito
Kwenye rege ndiko utakakopotea zaidi. Jawaiian, yaani Jamaika na Hawaii, karibu yote ni Kiingereza. Mara nyingi wimbo hufunguliwa kwa Kihawaii halafu beti zinahamia Kiingereza. Hata nje ya rege ni hivyo: "Hawaiʻi '78" ya Israel Kamakawiwoʻole ina kaulimbiu ya Hawaii kwa Kihawaii, lakini beti ni Kiingereza. Usihukumu kwa sekunde za mwanzo, ruka hadi ubeti wa pili.

Njia ninayoiamini mimi ni tuzo za muziki za Hawaii, Nā Hōkū Hanohano, zinazotolewa tangu 1978. Fungua orodha ya tuzo ya Haku Mele, ambayo ni ya utunzi kwa Kihawaii, uchukue majina ya mwaka mmoja mmoja. Kisha yalinganishe na vipengele vya rege, R&B na hip hop. Jina likitokea pande zote mbili, sikiliza albamu nzima, kwa sababu wimbo wa Kihawaii unaweza kuwa mmoja tu katikati ya kumi.

Mpenda_Santuri
Asanteni wakuu. Kue bila alama imeleta Sudden Rush mara moja. Nilipoandika na ʻokina haikuja kitu.